Kozi ya kubashiri idadi ya watu kwa R: wiki kumi, rika kwa rika

Nianze na hukumu ili mwenye haraka asipoteze muda. Kozi hii ya kubashiri idadi ya watu kwa R, lugha ya programu ya takwimu, ni nzuri, ina kasoro mbili kubwa, na wiki yake ya tatu peke yake inatosha kukufanya uvumilie zile nyingine tisa. Jina lake silitaji. Nitakayoyalalamikia huko mbele yanazikumba kozi nyingi za mtandaoni za aina hii, na sitaki kuonekana nina ugomvi na watu walionifundisha. Ukisoma muhtasari wa kozi unayoifikiria na ukilinganisha na haya, utajua mwenyewe.

Mimi si mwanatakwimu. Kazi yangu ni kupanga mahitaji ya shule: madarasa mangapi, walimu wangapi, madawati mangapi, miaka mitano au kumi mbele. Kwa miaka tisa nimeifanya kazi hiyo kwa lahajedwali na fomula moja. Nachukua idadi ya watu ya sensa iliyopita, naikuza kwa kiwango kilekile kila mwaka mpaka nifike mwaka ninaoutaka, kisha nakata asilimia fulani na kusema hawa ndio watoto wa shule. Katika miaka hiyo yote hakuna aliyewahi kuniuliza swali hata moja. Nikikaa nikilifikiria hilo, lilinitia hofu kuliko fomula yenyewe.

Ubovu wa fomula niliuhisi bila kuweza kuueleza. Mtoto atakayeingia darasa la kwanza miaka sita ijayo anazaliwa mwaka huu, na idadi ya wanaozaliwa mwaka huu inategemea wanawake waliozaliwa miaka ishirini au thelathini iliyopita, wako wangapi na wanazaa kwa kasi gani. Ukuaji wa asilimia mbili kwa mwaka huongeza watu maradufu kwa miaka 35 hivi, sawa, lakini haukuambii kama walioongezeka ni watoto wachanga au wazee. Kwa mtu anayehesabu madawati, tofauti hiyo ndiyo kazi yenyewe.

Wiki ya kwanza imepangwa na mtu anayejua wanafunzi wake wanatoka wapi. Badala ya kuanza na maana ya istilahi, inaanza na kosa maarufu. Mwaka 1920 watafiti wawili, Raymond Pearl na Lowell Reed, walichukua sensa za Marekani kuanzia 1790 hadi 1910, wakazipitishia mkunjo wenye umbo la herufi S, wakasema idadi ya watu wa nchi ile ingekomea kwenye milioni 197 hivi. Zoezi lilikuwa kurudia kazi yao. R yenyewe huja na jedwali la sensa hizo, linaitwa `uspop`, linafika 1970, kwa hiyo huhitaji kupakua chochote. Nikalikata kwenye 1910, nikaendesha `nls`, amri ya kulinganisha mkunjo na data, na mkunjo ukapita kwenye nukta zote kama uzi kwenye shanga. Nilijisikia mjuzi kwa dakika kumi. Kisha unaambiwa urudishe nukta ulizozificha. Mwaka 1970 uko juu ya dari tayari, maana Marekani ilivuka milioni 200 mwishoni mwa 1967 na haikusimama hapo. Mkunjo uliokaa vizuri kwenye data ya zamani haukuwa na habari yoyote juu ya uzazi, vifo wala wahamiaji, na mimi kwa miaka tisa nilikuwa nikitumia binamu yake.

Wiki ya pili ni R kwa wasioijua: vekta, jedwali, kuchuja safu, kuchora. Kama umewahi kuandika programu hata kidogo, ipite upesi. Jambo moja tu nitalisema kwa sababu lilinigharimu. R huanza kuhesabu na moja. Umri wa binadamu huanza na sifuri. Ukiandika `vifo[30]` ukidhani umempata mtu wa miaka 30, uliyempata ana 29. Hakuna onyo wala ujumbe mwekundu, grafu inatoka nzuri kabisa, na watu wako wote wamesogezwa mwaka mmoja. Mkufunzi analitaja kwa sentensi moja, mwishoni mwa video, akiwa kama anaaga. Alipaswa kuligongea meza.

Sasa wiki ya tatu.

Hapa huruhusiwi kutumia kifurushi chochote, yaani msimbo uliokwisha kuandikwa na wengine. Unapewa safu ya wanawake waliogawanywa katika makundi 18 ya umri, kuanzia 0–4 hadi 85 na zaidi, safu ya viwango vya uzazi, safu ya uwezekano wa kufika kundi linalofuata, na unaambiwa: jenga miaka hamsini. Mbinu yenyewe ni ya zamani. Edwin Cannan aliitumia kwa Uingereza na Wales mwaka 1895, na P. H. Leslie akaiweka katika umbo la matriki, jedwali la namba linalozidishwa kwa mpigo, mwaka 1945. Lakini kusoma kwamba ipo na kuijenga kwa vidole vyako ni mambo mawili tofauti.

Inakwenda hivi. Watu hutembea kwa marika. Rika la miaka 20–24 leo, baada ya miaka mitano, ni rika la 25–29, likiwa limepungukiwa na waliokufa njiani. Kwenye matriki, uwezekano huo wa kuvuka unakaa kwenye mshazari ulio chini kidogo ya ule mkuu. Mstari wa juu kabisa ni wa uzazi: kila rika la wanawake wenye umri wa kuzaa linatuma watoto wake kwenye kundi la 0–4. Unahesabu wasichana tu kwanza, na kwa kuwa kwa kawaida huzaliwa wavulana 105 hivi kwa kila wasichana 100, unazidisha waliozaliwa wote kwa 1/2.05, yaani 0.488. Halafu unakumbuka kwamba viwango vya uzazi ni vya mwaka mmoja na hatua yako ni ya miaka mitano. Mimi sikukumbuka. Watoto wangu wakatoka sehemu moja ya tano ya wanaotakiwa, na kufikia mwisho wa grafu nchi yangu ya kubuni ilikuwa inaelekea kufungwa.

Hilo nililiona haraka kwa sababu lilikuwa kubwa mno. Kosa la pili lilikaa siku nne. Jumla ilikuwa ya kuridhisha, watoto walikuwa wa kuridhisha, piramidi, ile grafu ya makundi ya umri yaliyopangwa moja juu ya jingine, ilikuwa na umbo la heshima. Kwenye ncha ya juu tu, kundi la 85 na zaidi lilikuwa jembamba kuliko nilivyotarajia. Nikajiambia labda ndivyo vifo vilivyo katika umri ule. Nilikuwa nimesahau kona ya chini kulia ya matriki. Makundi mengine yote huhama, lakini la mwisho halina pa kuhamia. Anayenusurika humo hubaki humohumo, na lazima pawe na namba ya kumbakiza. Bila namba hiyo, kila baada ya miaka mitano nilikuwa nafagia wazee wote wa 85 na zaidi na kuingiza wapya. Miaka hamsini, mafagio kumi, na mimi nimekaa naangalia rangi za grafu.

Aliyenitoa kwenye shimo hilo ni msaidizi wa mkufunzi, kwa jibu la barua pepe lenye mistari miwili: kabla ya kuchora chochote, toa jumla tatu kwa kila hatua, waliozaliwa, waliokufa, waliopo, uone kama waliopo mwanzo jumlisha waliozaliwa toa waliokufa wanalingana na waliopo mwisho. Nikajumlisha vifo vya kila kundi kutoka kwenye viwango vyenyewe. Havikulingana na watu waliotoweka. Tangu siku hiyo kila msimbo ninaoandika una mistari mitatu ya kukagua mizania hiyo, na mizania isipolingana msimbo unasimama wenyewe. Nikiulizwa nilichokipata kwenye kozi nzima, naonyesha mistari hiyo mitatu.

Msimbo wote, ukishasafishwa, haufiki mistari arobaini. Alama ya kuzidisha matriki, `%*%`, inaonekana mara moja tu ndani ya kitanzi. Ninausisitiza udogo huo kwa sababu wengi wetu tunaogopa neno programu tukidhani ni jambo la maelfu ya mistari.

Wiki ya nne inavuna kilichopandwa. Unaambiwa ushushe uzazi wa nchi yako ya kubuni, ghafla, hadi kiwango cha watu kujibadilisha tu, watoto 2.1 hivi kwa mwanamke, na uendelee. Nilitarajia mstari ulale. Haukulala, ulipanda kwa miaka mingi kabla ya kutulia, kwa sababu wasichana waliozaliwa enzi za uzazi mkubwa walikuwa bado wanaingia umri wa kuzaa, wengi kuliko mama zao. Nimeshasikia maafisa wakisema uzazi umeshuka hivyo shule zitapungua muda si mrefu, na mimi mwenyewe niliwahi kuitikia kwa kichwa. Kisha unaanza na piramidi mbili tofauti kabisa, moja ya vijana na moja ya wazee, unazizidisha na matriki ileile tena na tena, na zote mbili zinaishia na umbo moja. Nilirudia mara tatu nikiamini nimekosea. Kasi ya mwisho ya ukuaji unaipata kwa amri ya `eigen`, nayo hutoa majibu yenye `0i` nyuma yake. Usishtuke, chukua kubwa la kwanza, tafuta logi yake asilia, gawanya kwa tano.

Mpaka hapo ningeipa kozi alama zote. Wiki ya tano ndipo inapoanza kuchechemea.

Data halisi zinatoka Human Mortality Database, hifadhidata iliyojengwa kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na Taasisi ya Max Planck ya utafiti wa idadi ya watu iliyoko Rostock, Ujerumani. Unajiandikisha bure. Sweden iko humo tangu 1751, mwaka kwa mwaka, umri kwa umri, na ukiifungua mara ya kwanza unakaa kimya kidogo. Shida ni kwamba video za wiki hii zilirekodiwa kabla tovuti ya hifadhidata haijabadilishwa, na namna ya kuingia inayoonyeshwa haipo tena. Maelezo mapya yamo kwenye faili moja la maandishi chini kabisa ya ukurasa, bila alama yoyote. Nilipoteza jioni nzima. Tumia kifurushi cha `HMDHFDplus`, weka jina na neno la siri ulilojiandikishia, na hifadhi nakala ya data kwenye kompyuta yako siku hiyohiyo.

Jioni ya pili niliipoteza kwa kosa langu. Nilipakua faili kwa mkono na kulisoma mwenyewe. Kundi la mwisho la umri limeandikwa `110+`. Alama hiyo ya kujumlisha inatosha kuifanya safu nzima ya umri isomwe kama maneno badala ya namba, na maneno hupangwa kialfabeti: 0, 1, 10, 100, 101. Grafu yangu ya vifo ilionekana kama meno ya msumeno. Ajabu ni kwamba kosa la kijinga namna hiyo ni la heri, kwa sababu linaonekana. Yale ya kona ya matriki ndiyo ya kuogopa.

Ninacholalamikia wiki hii ni kingine. Data za Sweden zimekwisha kusafishwa na watu makini. Data ambazo wengi wetu tunazishika kazini hazijasafishwa. Watu wakiulizwa umri na hawaujui kwa uhakika, husema thelathini, arobaini, arobaini na tano. Safu za umri zinaota vilima kwenye miaka inayoishia na sifuri na tano. Kuna kipimo cha hilo, cha Whipple, kinachoangalia umri wa miaka 23 hadi 62: kikitoka 100 hakuna mrundikano, kikitoka 500 kila mtu ametaja umri unaoishia na sifuri au tano. Watoto wadogo nao huachwa bila kuhesabiwa kwenye sensa mara nyingi kuliko watu wazima, na kwangu mimi hao ndio wateja. Yote haya yamepewa video moja ya dakika kumi na moja. Kifurushi cha `DemoTools`, chenye zana za kupima na kulainisha mrundikano huo, kinatajwa kwa jina tu. Ukianza na msingi uliopinda, hesabu nzuri ya wiki ya tatu itaubeba upindaji huo rika kwa rika kwa miaka hamsini, bila kuupoteza. Hii ni kasoro ya kwanza.

Wiki ya sita, kinyume chake, ina somo lililoandaliwa kwa upendo. Ni juu ya modeli ya Lee na Carter ya mwaka 1992, ambayo bado ndiyo lango la ubashiri wa vifo. Kila kiwango cha vifo kinagawanywa sehemu tatu: umbo la kawaida la vifo kwa umri, namba moja inayobadilika kila mwaka kuonyesha hali ya jumla inavyokwenda, na kiasi ambacho kila umri unaitikia mabadiliko hayo. Jedwali lenye maelfu ya namba linageuka kuwa mstari mmoja unaoteremka, na unachobashiri ni mstari huo. Kwenye kifurushi cha `demography` ni amri moja, `lca`, kisha `forecast`. Baada ya wiki ya tatu unahisi unadanganya.

Lakini mkufunzi hakuacha tufurahie. Alituuliza mteremko wa mstari huo unapatikanaje. Kwa njia ya kawaida, wastani wa mabadiliko ya kila mwaka ni namba ya mwisho toa ya kwanza, gawanya kwa idadi ya hatua. Miaka yote ya katikati inajifuta yenyewe! Nilichukua Sweden kuanzia 1919, kisha nikaanza 1918, mwaka wa mafua makuu, nikiongeza mwaka mmoja tu kwenye data. Mteremko ukawa mkali zaidi na umri wa kuishi wa mwaka 2060 ukapaa, kwa kuwa modeli iliona safari imeanzia kileleni kwenye vifo vingi mno na ikadhani kasi ile ni ya kawaida. Mwaka mmoja wa msiba, ukiwekwa kwenye kona, unawapa wajukuu maisha marefu. Upande wa pili nao una hatari yake: anayefunga data zake 2020 na anayefunga 2019 hawatapata jibu moja. Nilikuwa nimezoea kupakua data zote zilizopo na kuzimwaga ndani nikidhani nyingi ndiyo bora.

Wiki ya saba ni ya uhamaji. Ni somo moja, la dakika arobaini, na zoezi lenye maswali manne. Unajifunza kwamba wahamiaji wengi ni vijana wa miaka ishirini na kitu, kwamba kuna kilima kidogo cha watoto wanaofuatana na wazazi wao, na kwamba ukikosa data unaweza kuweka namba isiyobadilika. Basi. Wiki nzima kwa jina, siku moja kwa kazi.

Wiki ya nane sina mengi ya kusema, ila kwamba inaeleza vizuri namna Umoja wa Mataifa unavyopata makadirio yake ya dunia siku hizi: uzazi wa kila nchi unabashiriwa kwa kuazima uzoefu wa nchi nyingine, kwa maelfu ya njia za nasibu badala ya mstari mmoja. Vifurushi vya `bayesTFR`, `bayesLife` na `bayesPop` vipo wazi kwa yeyote. Toleo la 2024 lilisema idadi ya watu duniani itafika kilele cha takriban bilioni 10.3 katikati ya miaka ya 2080, na kwamba uwezekano wa kilele hicho kutokea ndani ya karne hii ni asilimia 80. Kozi inakupa matokeo yaliyokwisha kupikwa ili uchore tu. Niliamua kuendesha mwenyewe minyororo michache, yaani mifululizo ya namba za nasibu ambayo vifurushi hivyo hukadiria kwayo. Kompyuta yangu ikanguruma usiku kucha na asubuhi ikaniambia minyororo haijakubaliana. Inatosha kuchora.

Na dunia ina unafuu ambao nchi haina: hakuna anayehamia wala anayehama. Liweke hilo akilini, maana wiki ya tisa inakuja.

Wiki ya tisa unasimama mwaka 1990. Unachukua Sweden, unaficha kila kilichotokea baadaye, unabashiri hadi 2020, halafu unafunua. Nilikuwa na msimbo wangu wa wiki ya tatu, vifo vya wiki ya sita, na uzazi wa 1990 ambao ulikuwa watoto 2.13 kwa mwanamke. Uhamaji nikauweka sifuri, kama wengi darasani, kwa sababu wiki ya saba haikutupa sababu ya kuhangaika.

Watu halisi wa Sweden mwishoni mwa 2020 walikuwa milioni 10.38, kutoka milioni 8.59 mwaka 1990. Mimi nilikuwa pungufu kwa zaidi ya milioni moja. Hilo halikunishangaza sana. Kilichonishangaza ni watoto. Kwa mwaka 1999 watoto wangu walizidi waliozaliwa kweli kwa theluthi hivi, kwa sababu uzazi ulikuwa umeshuka hadi 1.50, kitu ambacho mtu wa mwaka 1990 hakuwa na namna ya kukijua. Lakini kwa miaka ya kuelekea 2018 watoto wangu waliozaliwa walikaribiana kabisa na wa kweli. Nikafurahi, kisha nikafungua makundi ya umri. Nilikuwa na wanawake wachache mno wa miaka ishirini na thelathini, kwa kuwa niliwafungia nje wahamiaji wote, na kila mmoja wao nilimpa watoto wengi kuliko aliowazaa kweli. Makosa mawili yalikuwa yamekutana njiani, moja likipanda, moja likishuka, yakapeana mkono hapo kwenye namba ya watoto. Mpangaji wa shule aliyekuwa anaangalia namba hiyo tu angejipongeza.

Nilikaa na jedwali lile muda mrefu. Sijui ni mara ngapi katika miaka yangu tisa nilipata jibu sahihi kwa njia hiyo.

Zoezi linakwenda mbele zaidi. Unaulizwa je, mpaka wako wa asilimia 95, yaani utepe unaodai ukweli utaangukia ndani yake mara 95 kwa 100, uliubeba ukweli? Wangu haukuubeba, tena kwa mbali, kwa sababu upana wake ulitokana na mashaka ya vifo peke yake. Uzazi niliusimamisha, uhamaji niliufuta, na modeli haina mashaka juu ya vitu ulivyoviweka kwa mkono. Ukiona grafu yenye utepe mwembamba wa rangi kuzunguka mstari wa katikati, uliza kwanza utepe umejumuisha mashaka ya nini.

Kasoro ya pili ya kozi iko hapo, na imejisaliti yenyewe. Zoezi lake bora kuliko yote linathibitisha kwamba somo lake fupi kuliko yote ndilo lililokuwa na uzito. Ningekuwa mpangaji wa mihutasari ningeifuta wiki ya pili, nikawaambia watu wajifunze R kwa wakati wao, na nafasi hiyo nikaigawa kati ya uhamaji na usafishaji wa data za umri.

Mambo madogo. Msahihishaji ni mashine, na mashine haina subira. Mimi huandika majina ya vitu kwa Kiswahili, `wanawake`, `waliozaliwa`, `rika`, kwa sababu nikirudi baada ya mwezi nataka kuelewa nilichokusudia. Mashine ilikataa majibu yangu matano yaliyo sahihi mpaka nikabadilisha majina ya safu kuwa ya Kiingereza kama ilivyotaka. Zoezi jingine lilinikatalia kwa sababu ya desimali ya nne. Na mazoezi yenye nasibu hayakubaliwi mpaka uandike `set.seed`, amri ya kufanya namba za nasibu zijirudie zilezile, kwa namba ileile waliyoitumia wao, namba ambayo iko kwenye video na haiko kwenye maelezo. Kwa upande mwingine, nilipoandika barua pepe nilijibiwa na mtu, siku mbili au tatu baadaye, na majibu yalikuwa ya mtu aliyefungua msimbo wangu na kuusoma. Kwa hilo nawasamehe mashine yao.

Nani aichukue? Mtu anayefanya makadirio kazini na anaona aibu kidogo juu yake. Hesabu za sekondari zinatosha ukiwa tayari kurudia somo la matriki mara mbili. Anayetaka grafu za kupendeza za kuweka kwenye ripoti wiki ijayo ataishia wiki ya tatu akiwa na hasira. Muda wanaouandika ni saa nne kwa wiki; mimi nilitumia nane, na wiki ya tisa sikuhesabu.

Wiki ya kumi ni kazi yako mwenyewe, kwa data zako. Nilitumia za ofisini. Jumla ya watu haikuachana sana na ile ya lahajedwali langu la zamani, ila watoto wa miaka sita waliachana nayo vibaya: badala ya mstari unaopanda taratibu, kulikuwa na wimbi, likija, likipungua, likirudi miaka ishirini na kitu baadaye mabinti wa wimbi la kwanza wakianza kuzaa. Niliwasilisha makadirio matatu, la juu, la kati na la chini, kila moja na maelezo ya nilichokiweka kwa mkono. Mkuu wangu aliyapitia polepole, akarudi kwenye ukurasa wa pili, akaweka kidole kwenye mstari mmoja.

"Hawa wahamiaji umewatoa wapi?"

Miaka tisa nilisubiri swali, na likaja kwenye somo la dakika arobaini. Nilimwomba wiki mbili.